Handeni na Korogwe: Umbali ni Mmoja, Saa ni Nyingi

Mtu akiuliza katika stendi ya mabasi ya Handeni, "Korogwe ni mbali gani?", huenda akapata majibu ya namna mbili. Dereva atamwambia kuwa ni kilomita 65. Mama aliyeketi kando ya vikapu vyake, akingoja gari lijae, atamwambia kuwa ni saa moja, au moja na nusu, na siku ya mvua usiulize. Majibu yote mawili ni ya kweli, lakini hayakujibu swali moja. Dereva ametaja urefu wa barabara. Mama ametaja muda utakaopita kabla hajafika. Na kuna jibu la tatu ambalo hakuna aliyelitaja pale stendi, nalo ni umbali wa mstari ulionyooka angani, usiojua kilima, mto wala kona.

Miji hii miwili imo katika mkoa wa Tanga. Handeni iko katika nchi ya Wazigua, upande wa kusini-magharibi wa Mto Pangani. Korogwe iko katika bonde la mto huohuo, chini ya milima ya Usambara. Ni majirani, na watu huenda na kurudi kila siku kwa biashara, kwa masomo na kwa matibabu. Kwa hiyo safari yao ni mfano mzuri kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa uhusiano wa umbali, mwendo na muda. Uhusiano huo huonekana rahisi ubaoni, lakini una mitego mingi barabarani.

NJIA YA ANGANI

Umbali wa mstari ulionyooka hauhitaji kupimwa kwa kamba. Huweza kukokotolewa na mtu aliyeketi darasani, mradi anajua mahali pa kila mji juu ya ramani. Kwa kukadiria hadi dakika iliyo karibu, Handeni iko nyuzi 5 na dakika 26 kusini ya Ikweta, katika longitudo ya nyuzi 38 na dakika 1 mashariki. Korogwe iko nyuzi 5 na dakika 9 kusini, katika longitudo ya nyuzi 38 na dakika 27 mashariki. Dakika hizi si za saa: kila uzi mmoja umegawanywa katika sehemu 60, na kila sehemu huitwa dakika.

Tofauti ya latitudo ni dakika 17. Tofauti ya longitudo ni dakika 26. Dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia ina urefu wa karibu kilomita 1.85, yaani maili moja ya baharini. Kwa hiyo Korogwe iko kaskazini ya Handeni kwa 17 × 1.85, ambazo ni kilomita 31.5 hivi.

Kwa upande wa mashariki, hesabu huhitaji hadhari. Mistari ya longitudo husogeleana kadiri mtu anavyoiacha Ikweta, mpaka ikutane kwenye ncha za dunia. Kwa sababu hiyo dakika moja ya longitudo huzidishwa kwa kosaini ya latitudo. Hapa latitudo ya wastani ni nyuzi 5 na dakika 18 hivi, na kosaini yake ni 0.996. Basi 26 × 1.85 × 0.996 ni kilomita 47.9. Mwanafunzi wa Handeni ana bahati, kwani karibu na Ikweta masahihisho hayo ni madogo mno. Mwenzake wa Norway, katika latitudo ya nyuzi 60, angelazimika kuigawa dakika yake nusu kwa nusu.

Sasa zimepatikana pande mbili za pembetatu mraba. Kwa kanuni ya Pythagoras, mraba wa 31.5 ukijumlishwa na mraba wa 47.9 huleta karibu 3,287, na kipeuo cha pili cha namba hiyo ni 57.3. Umbali wa angani kutoka Handeni hadi Korogwe, basi, ni kilomita 57 hivi, kuelekea kaskazini-mashariki.

Neno "hivi" halikuwekwa kwa mapambo. Mji si nukta. Una soko, stendi, hospitali na vitongoji, na ukihamisha alama ya mji kwa dakika moja tu juu ya ramani umbali waweza kubadilika kwa karibu kilomita 2. Mwenye kuandika kwamba umbali huo ni kilomita 57.331 ameandika tarakimu ambazo vipimo vyake havikumpa. Kujua ni tarakimu ngapi za kuaminika ni nusu ya elimu ya kupima.

JE, MVIRINGO WA DUNIA HAUHUSIKI?

Mwanafunzi makini atauliza: dunia ni mviringo, mbona imetumika pembetatu ya karatasi bapa? Swali hilo ni la haki. Dunia ina nusu kipenyo cha wastani cha kilomita 6,371. Iwapo kamba ingevutwa moja kwa moja kutoka Handeni hadi Korogwe juu ya dunia laini isiyo na vilima, ingelazimika kupenya ardhini, na katikati ya safari ingekuwa mita 64 hivi chini ya uso wa nchi. Hata hivyo urefu wa kamba hiyo ungekuwa pungufu ya njia ya juu kwa sentimita 19 tu. Sentimita 19 katika kilomita 57 si kitu, na pembetatu ya karatasi inatosha.

Mambo hubadilika katika safari ndefu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai nchini India ni karibu kilomita 4,700 kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Ndege kubwa yenye mwendo wa kilomita 850 kwa saa huhitaji saa 5 na nusu hivi angani kuimaliza. Kamba iliyonyooka kati ya miji hiyo miwili ingepita zaidi ya kilomita 400 chini ya sakafu ya bahari, na ingekuwa fupi kuliko njia ya ndege kwa zaidi ya kilomita 100. Hapo aliyetegemea karatasi bapa atapotea. Kanuni ni ileile, ila ukubwa wa kosa hukua haraka kuliko umbali wenyewe.

NJIA YA MGUU, YA RELI NA YA GURUDUMU

Barabara ya Handeni hadi Korogwe ina urefu wa kilomita 65. Ukiigawa kwa 57, jibu ni 1.14. Maana yake ni kwamba kwa kila kilomita 100 za mstari ulionyooka, msafiri wa barabara hutembea kilomita 114. Namba hii ni kipimo kizuri cha upindaji wa njia. Barabara ya tambarare huwa na kipimo kilicho karibu na 1, na barabara ya kupanda milima yaweza kuzidi 2. Njia ya Handeni na Korogwe, basi, si ya kuzunguka sana, ingawa hailazimiki kukwepa vilima tu, bali pia lazima itafute mahali pa kuvuka Mto Pangani.

Mtembezi hodari huenda kilomita 5 kwa saa. Kilomita 65 zingemchukua saa 13 za mfululizo, nazo hakuna azitembeaye bila kulala njiani. Misafara ya wapagazi ya karne ya 19, yenye mizigo kichwani, kwa kawaida ilikwenda kilomita 15 hadi 25 kwa siku. Kwao umbali huu ulikuwa safari ya siku 3 au 4.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893 chini ya utawala wa Wajerumani, ukafika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902. Tangu hapo Korogwe ikawa umbali wa kilomita 84 za reli kutoka pwani. Handeni haikupitiwa na njia hiyo. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Kwenye ramani Korogwe iko karibu zaidi na Handeni kuliko ilivyo na Tanga, lakini kwa kipimo cha saa Tanga ndiyo iliyokuwa jirani. Mtu wa Korogwe aliyepanda garimoshi alifika baharini siku hiyohiyo, ilhali aliyekwenda Handeni kwa mguu alikuwa bado anatafuta mahali pa kulala. Reli haikusogeza mji wowote hata hatua moja, lakini ilibadili ujirani wake.

Barabara ya lami imerudisha ujirani huo. Gari likienda kwa wastani wa kilomita 65 kwa saa humaliza safari kwa saa moja kamili. Lakini neno "wastani" ndilo lenye mtego mkubwa kuliko yote.

WASTANI UDANGANYAO

Fikiria siku za barabara ya vumbi, wakati wa masika. Gari limekwenda nusu ya njia, yaani kilomita 32.5, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Nusu ya pili ni tope, nalo limekwenda kwa kilomita 20 kwa saa. Wastani wa mwendo wake ni nini? Wanafunzi wengi watajumlisha 60 na 20, watagawa kwa 2, na kujibu 40. Jibu hilo si sahihi.

Nusu ya kwanza ilichukua dakika 32 na nusu. Nusu ya pili ilichukua dakika 97 na nusu. Jumla ni dakika 130. Kilomita 65 kwa dakika 130 ni mwendo wa kilomita 30 kwa saa, wala si 40. Sababu ni kwamba gari lilikaa muda mrefu zaidi katika tope kuliko mahali pazuri, na muda ndio unaopiga kura katika hesabu ya wastani.

Fumbo hili lina mafunzo makubwa kwa wenye kupanga maendeleo. Tuseme kuna fedha za kutengeneza nusu moja tu ya barabara hiyo. Wakiitengeneza nusu iliyo nzuri, mwendo ukapanda kutoka 60 hadi 80, watakuwa wameokoa dakika 8 tu. Wakiitengeneza nusu mbovu, mwendo ukapanda kutoka 20 hadi 40, wataokoa karibu dakika 49. Anayetaka kufupisha safari na aanze pale panapokwenda polepole zaidi.

Dereva mwenye haraka naye ana la kujifunza hapa. Kwenda kilomita zote 65 kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 49 hivi. Kwenda kwa 110 huchukua dakika 35 na nusu. Amepata dakika 13. Lakini nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari lake sasa lina nishati karibu mara 1.9 ya ile ya kwanza, nayo yote lazima imalizwe na breki mtoto akitokea njiani. Tena hesabu hii imedhani kwamba hakuna vijiji, na vijiji vipo. Sheria ya Tanzania humtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu, na mabasi yasizidi 80 nje ya makazi. Mwenda pole hajikwai, nayo fizikia inaunga mkono.

NDEGE NA UPEPO

Hakuna ndege za abiria zenye ratiba kati ya Handeni na Korogwe, na hesabu itaonyesha kwa nini hakuna anayezililia. Chukua ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Kilomita 57 itazimaliza kwa dakika 17. Dakika hizo zinavutia, lakini ni za angani tu. Abiria lazima kwanza afike kiwanjani, rubani aikague ndege, injini ipashwe moto, ndege ipande, izunguke kabla ya kutua, kisha abiria atafute usafiri wa kumfikisha mjini. Dakika 17 hugeuka kwa urahisi kuwa saa nzima na zaidi, na basi la lami limeshafika. Katika safari ya Mumbai matayarisho ya saa 2 au 3 ni madogo kulinganisha na siku nyingi za meli. Katika safari ya Korogwe matayarisho ndiyo safari yenyewe.

Upepo nao una sehemu yake. Upepo wa kaskazi, uvumao takriban kati ya Desemba na Machi, hutoka kaskazini-mashariki, yaani usoni mwa ndege itokayo Handeni kwenda Korogwe. Kaskazi ukivuma kwa kilomita 30 kwa saa, ndege husogea juu ya nchi kwa kilomita 170 tu kwa saa, nayo hutumia dakika 20.1. Ikirudi, upepo uko mgongoni, mwendo ni 230, na muda ni dakika 14.9. Wengi hudhani kwamba hasara ya kwenda hufidiwa na faida ya kurudi. Jumlisha uone: kwenda na kurudi ni dakika 35.0, ambapo siku isiyo na upepo zingekuwa 34.2. Hasara imebaki. Ni mtego uleule wa wastani, kwani ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo mbaya kuliko katika upepo mzuri.

SAA YA MGONJWA

Kwa msafiri wa sokoni, nusu saa zaidi au pungufu ni usumbufu tu. Yuko msafiri mwingine ambaye kwake nusu saa ni kubwa. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa 2 hivi asipopata matibabu. Kwake yeye umbali haupimwi kwa kilomita.

Mwaka 1994 wataalamu Thaddeus na Maine waligawa muda unaopotea kabla ya mama kuokolewa katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo bado unatumika duniani kote. Ukiutazama kwa macho ya hesabu, utaona kwamba barabara ni sehemu moja tu kati ya tatu.

Chukua mfano wa darasani. Mgonjwa yuko Handeni, naye anatakiwa kupelekwa Korogwe, lakini gari la wagonjwa liko Korogwe. Gari lazima kwanza limfuate. Safari ya kilomita 65 imekuwa ya kilomita 130, na saa moja imekuwa mbili, kabla ya kuhesabu muda wa kutafuta dereva na mafuta. Kulifanya gari liende kwa kasi zaidi kutaokoa dakika chache kwa hatari kubwa. Kupata gari lililo karibu na mgonjwa kutaokoa saa nzima.

Wazo hilo ndilo msingi wa mpango wa m-mama, ambao baada ya kujaribiwa katika Kanda ya Ziwa ulizinduliwa mwaka 2022 ili uenee Tanzania nzima. Simu hupigwa bure kwa namba 115, na mhudumu wa kituo hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa kawaida wa jirani aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa safari hiyo. Mpango huu haukujenga barabara wala kununua injini yenye nguvu. Umeshambulia ile sehemu inayokwenda polepole zaidi, yaani kungoja.

Je, na ndege zisizo na rubani? Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba ndege ndogo ya namna hiyo ilikuwa imejaribiwa kupeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Ilikwenda kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, yaani kilomita 90 kwa saa, ilhali safari ya nchi kavu ilielezwa kuwa ya kilomita 240 na saa 6. Nchini Rwanda, damu imekuwa ikipelekwa hospitalini kwa ndege za aina hiyo tangu mwaka 2016.

Kilomita 60 za Ukerewe ni karibu sawa na kilomita 57 za Handeni na Korogwe. Ndege ileile ingetumia dakika 38. Lakini Ukerewe iliokoa zaidi ya saa 5, na hapa, siku ya kiangazi, zingeokolewa dakika 20 au 30 tu. Umbali wa angani ni mmoja, faida ni mbali kabisa. Faida ya ndege haitokani na anga, bali hutokana na ubaya wa njia ya chini.

Na njia ya chini haikai hali moja. Mwishoni mwa Oktoba 2019, mafuriko yaliyopoteza maisha ya watu katika wilaya ya Handeni yaliharibu barabara na kukata njia ya kwenda Korogwe. Siku kama hizo msafiri hulazimika kuzunguka. Atashuka hadi Mkata, kilomita 54, kisha ashike barabara kuu kupitia Segera, safari inayozidi kilomita 100. Kipimo cha upindaji wa njia, kilichokuwa 1.14, karibu kinakuwa maradufu kwa usiku mmoja wa mvua, na miji haijasogea. Kalvati moja iliyobebwa na maji yaweza kuongeza umbali kuliko mlima.

KAZI YA DARASANI

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi kazi hii. Wachague miji miwili ya wilaya yao na wasome latitudo na longitudo zake katika ramani. Wakokotoe umbali wa angani, kisha waugawe urefu wa barabara kwa umbali huo. Baada ya hapo wasafiri, au wamwombe msafiri awaandikie saa ya kufika stendi, saa ya gari kuondoka, saa ya kupita kila kijiji na saa ya kufika. Wachore grafu ya umbali dhidi ya muda. Mahali mstari unapolala, gari limesimama au linakwenda polepole, na mahali unaposimama wima, linakwenda kasi.

Katika safari nyingi watagundua kwamba sehemu iliyolala kuliko zote iko mwanzoni kabisa, kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja. Mama yule wa stendi ya Handeni alilijua hilo siku zote. Ndiyo sababu, alipoulizwa umbali, hakujibu kwa kilomita.